Pochi Inayojua Iko Wapi

Mganga hajigangi. Aliyesema hivyo angemwona fundi huyu wa ngozi siku ile, angecheka mpaka ashike mbavu. Mtu aliyeshona pochi kwa miaka arobaini, ambaye nusu ya wanaume wa mji ule wamekalia kazi ya mikono yake, kasimama mbele ya kabati la kioo katika duka la vifaa vya umeme, anasubiri kununuliwa pochi na binti yake.

Na si kwa kupenda. Ndani ya miezi miwili alikuwa amepoteza pochi tatu. Ya kwanza ilikutwa kwenye jokofu, imelala juu ya nyanya. Ya pili aliirudisha muuza nyama, ilikuwa imekaa kwenye mizani yake tangu asubuhi. Ya tatu ilikwenda na kitambulisho, kadi ya benki na picha ya marehemu mkewe, na mpaka leo hakuna anayejua ilikoelekea. Hapo ndipo binti yake alipotoa hukumu. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa kuchimbia mawe ya mipaka, na hakupenda kitu kihame kikishapimwa.

"Baba, ikipotea nyingine tu, karakana tunafunga. Unahamia kwangu. Chumba kipo."

Fundi alijua hatanii. Alijua pia kwamba bila karakana ile hana asubuhi. Mke hayupo, marafiki wamepungua mmoja mmoja, na yeye analala chumba cha nyuma ya karakana hiyohiyo, akiamka anasukuma mlango mmoja tu yuko kazini. Wateja walimwita Fundi hata njiani. Akihamia kwa binti yake ataitwa nani? Babu wa sebuleni.

"Shikamoo mzee wangu," alisema muuzaji, dada mwenye kucha ndefu.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe hizo pochi zenye akili."

Dada akapanga nne juu ya kioo. "Hii, ukiiacha nyuma kidogo tu, simu inalia. Hii, ukiitafuta kwa simu inalia yenyewe. Hii inajichaji kwa jua. Na hii inakuonyesha ilipo kwenye ramani, hata ikiwa mbali, mradi apite mtu mwenye simu karibu nayo."

"Mtu gani?"

"Yeyote."

"Ninayemjua?"

"Hapana mzee, mpita njia tu."

"Kwa hiyo mpita njia atajua pochi yangu ilipo."

"Yeye hatajua. Simu yake ndiyo itajua."

"Na haitamwambia?"

"Haitamwambia. Itakwambia wewe."

Fundi akamgeukia binti yake kuomba msaada. Binti yake alikuwa anasoma maandishi ya nyuma ya boksi, anatikisa kichwa kama mtu anayekubali kila neno. Fundi akarudi kwa muuzaji.

"Hii ya kwanza. Nikiiacha, simu inalia?"

"Ndiyo."

"Na nikiacha simu?"

"Pochi inalia."

"Na nikiviacha vyote viwili?"

Kucha zikasimama hewani. Dada akafikiri. "Hapo mzee, utakuwa umejiacha wewe mwenyewe."

Wakacheka wote watatu. Fundi naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuanza.

Akaziokota moja moja, akazipinda, akazinusa. Mshono wa mashine, uzi wa nailoni, ukingo haujapigwa msasa hata mara moja. "Hii si ngozi," akasema. "Hili ni vumbi la ngozi lililokandwa na gundi."

"Baba, hatununui ngozi. Tunanunua kifaa."

"Basi wangekuuzia kifaa, wakaacha kuitukana ngozi."

Mwisho akachagua ile ya ramani. Sababu haikuwa ramani. Kichwa kilikuwa kinamzunguka na ile ndiyo ilikuwa karibu na mkono wake. Kifaa chenyewe kilikuwa kibati chembamba, ukubwa wa kadi, kimeshonewa ndani. Kwa kuwa simu ya Fundi ilikuwa ya vitufe, ramani ikawekwa kwenye simu ya binti. Fundi akaona si haki kidogo: pochi yake, mfuko wake, halafu habari zinapelekwa kwa mwingine. Lakini akanyamaza. Mfa maji haulizi kamba imesokotwa na nani.

Siku ya pili tu mteja akaiona pochi ile juu ya meza. "Ha! Fundi, na wewe unanunua?" Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mteja alipotoka, akachukua kisu, akaichana ile pochi ya dukani, akakitoa kibati, akakishonea ndani ya pochi aliyojitengenezea mwenyewe, katikati ya ngozi na bitana. Binti hakuambiwa. Ya nini kumsumbua? Kibati kipo, pochi ipo, na heshima imerudi.

Binti akaenda kupima barabara huko mbali kusiko na mtandao, akarudi Jumapili. Alhamisi yake, saa nne asubuhi, simu ya Fundi ikalia.

"Baba, uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwani kazi ninazo ngapi? Karakana!"

"Mbona ramani inasema uko shule ya msingi kule bondeni?"

Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto. Meza, mkasi, uzi wenye nta, viatu viwili vinavyosubiri soli. Akapapasa mfuko. "Pochi ninayo hapa, naishika."

"Baba, nimenyamaza tangu Jumatatu. Kila asubuhi uko shuleni. Kila jioni unavuka daraja, unaingia nyumba moja ng'ambo ya pili, na unalala hukohuko." Sauti ya binti ikapungua. "Baba, kuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu. Niambie tu, sitakasirika."

Fundi alipoelewa anaulizwa nini, alitaka kucheka, ikashindikana. "Na magoti haya nimkimbilie nani?"

"Ramani haidanganyi, baba. Kaa hapohapo ulipo, nakuja. Yaani... nenda karakana. Yaani, kama upo karakana, usitoke!"

Simu ikakatika. Fundi akabaki amekaa. Alijua yuko karakana kama anavyojua vidole vyake, lakini mtu aliyewahi kuikuta pochi yake kwenye jokofu hawezi kubisha kwa sauti kubwa. Je, kama kweli huwa anakwenda? Anaondoka asubuhi, anarudi, hakumbuki? Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Lakini viatu vya nani havina vumbi? Akanyanyuka, akatoka nje, akasimama barabarani akisoma kibao cha mlangoni mwake: FUNDI NGOZI, MIKOBA, MIKANDA, VIATU. Alijiona mjinga, ila alisoma mpaka mwisho, pamoja na namba ya simu.

Binti aliwasili na gari la kazini, buti zimejaa tope. Akamkuta baba yake mlangoni, akatazama simu, akamtazama baba, akatazama simu tena.

"Uko shuleni," akasema, kwa unyonge.

"Naona," Fundi akajibu.

Ikabidi aseme ukweli wa pochi ya dukani na kisu. Binti akashika kichwa, kisha akaiomba ile pochi aliyoishona baba yake, akaibonyeza. Kulikuwa na kitu kigumu ndani. Fundi akafumua mshono kwa ncha ya kisu, akavuta. Kikatoka kipande cha kadibodi.

Ilikuwa kadibodi nene anayotumia kukazia mifuko ya ndani ya mikoba, imekatwa vizuri, ukubwa wa kadi. Fundi akaigeuza huku na huku.

"Twende shuleni," binti akasema.

Walifika wakati wa mapumziko, kelele za watoto zimejaa uwanja mzima. Ramani iliwapeleka hadi kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Akatoka mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mkoba wa rangi ya kahawia begani. Alipomwona Fundi, uso wote ukamchangamka.

"Jamani, Fundi! Karibu! Umekuja kuujulia hali mkoba wako?"

"Ah, mwalimu!" Fundi akasema kwa furaha. "Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri! Na huyu ndiye binti yako? Baba yako huyu mimi simsahau. Siku ile mvua ilinifungia kwake asubuhi nzima, huku ananishonea mfuko wa ndani. Akanihadithia alivyokwenda kumposa mama yako na viatu vya kuazima, kimoja kikamchomoka akiwa mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka machozi!"

Binti alicheka. Ilikuwa kweli tupu. Hadithi ile ilijulikana nyumbani kwao tu. Fundi naye akacheka, akauomba mkoba mara moja.

Akafungua mfuko wa ndani. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu. Nyuzi mbili zilizopishana, mwishoni zimerudi nyuma mara mbili, na fundo limefichwa chini ya bitana. Katika mji ule hakuna mwingine anayeficha fundo namna hiyo. Alikata nyuzi tatu, kibati kikateleza mkononi mwake.

"Mungu wangu!" mwalimu akashika mdomo alipoelezwa. "Kumbe wiki mbili natembea na baba wa mtu begani!"

Binti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alicheka kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. Fundi akaushona tena mfuko palepale kwa sindano aliyokuwa nayo mfukoni, kadibodi ikakaa mahali pake, wakaagana kwa kupeana mikono mara mbili mbili.

Ndani ya gari binti hakuwasha injini mara moja. Alikuwa bado anajifuta macho. "Vipande viwili, meza moja, ukubwa mmoja. Hata mimi ningechanganya. Na mimi nakufuata kwenye ramani kama mhalifu! Nisamehe, baba. Yale ya kufunga karakana yaishe. Fanya kazi yako."

Hayo ndiyo maneno ambayo Fundi alikuwa anayataka tangu siku ile ya dukani. Yamekuja yenyewe, bure. Angenyamaza tu, gari lingeondoka, na kesho angesukuma mlango wake kama kawaida. Alitazama nje, akamwona mwalimu anavuka uwanja na mkoba wake, anawapungia mkono. Naye akapunga.

"Yule mama simjui," akasema.

Binti alidhani ni mzaha. "Si mmecheka naye sasa hivi?"

"Nimecheka kwa sababu nyinyi mmecheka. Simkumbuki. Simkumbuki yeye, wala mkoba, wala hiyo mvua. Mshono ni wangu, hilo siwezi kukataa. Lakini siku yenyewe sina."

"Baba, kila mtu anasahau. Mimi mwenyewe juzi..."

"Mwanangu. Amenisimulia posa yangu, jinsi nilivyomsimulia kwa mdomo wangu. Nimekaa naye asubuhi nzima." Alifumbata kibati kile mpaka kingo zikamwuma kiganjani. "Vipande kuchanganya ni kazi, kunatokea. Hili si hilo. Naogopa."

Binti alilia kidogo, akiwa ameshika usukani wa gari lililosimama. Kengele ya shule ikagongwa, watoto wakaingia madarasani, uwanja ukawa mtupu. Fundi akamngoja amalize.

"Kile chumba chako," akasema hatimaye. "Dirisha lake limeelekea wapi?"

"Mashariki."

"Basi asubuhi kuna mwanga wa kushonea."

"Upo." Binti akavuta kamasi. "Na meza yako inaingia. Nimeshaupima mlango tangu mwaka jana."