Makofi Manne

Lango lenyewe la hekalu ni nguzo mbili na boriti juu yake, hata mlango halina. Paka angepita. Mimi tu ndiye nisingepita, kwa kuwa mume wangu Shigeo alifariki mwezi uliopita, na mfiwa hubeba uchafu wa kifo usiotakiwa mbele ya miungu.

Na huko hospitali binti yetu Chinami alikuwa akivuja damu, uzazi umegoma.

"Nitakuombea mimi, shoga," alisema jirani yangu Tokie. "We simama hapo hapo, usije ukaharibu."

"Utaje jina lake na anwani. Wasije wakamponya Chinami wa watu."

"Kwani mimi mtoto?"

Alinawa mikono, akasukutua, akapanda hadi mbele ya hekalu. Nilimwona kwa mbali akiinama. Akapiga makofi mawili, akatulia kuomba.

Hekalu letu hili la kale hupigiwa makofi manne. Mawili ni ya kwingine. Tokie aliolewa huku kutoka Osaka, amezeeka huku, na bado hajajifunza!

"Manne!" nilipiga kelele. "Manne, Tokie! Utaniulia mwanangu!"

Watu waligeuka. Wageuke, mfa maji hukamata maji. Tokie alinitazama, uso umemshuka, akaanza kuinama upya.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa Kengo, mkwe wangu.

"Mama, mtoto mzima. Wa kike."

"Na Chinami?"

Alilia, na nyuma yake nikasikia kichanga nacho kikilia, tena kwa nguvu, kama mama yake alipozaliwa.

Kule juu Tokie alikuwa akipiga makofi polepole, akiyahesabu kwa kichwa. Safari hii yalitimia manne. Akashuka mbio na hirizi ya uzazi aliyoinunua hekaluni.

"Nimetaja kila kitu, hadi namba ya nyumba! Sasa uso huo wa nini?"

Nilipita lango. Akanidaka mkono.

"Shoga, umerukwa na akili? Una msiba wewe!"

"Nina miwili," nilimwambia. "Niachie."

Aliniachia. Nilipanda bila kunawa, nikasimama mbele ya miungu yetu, mikono nimeining'iniza. Sikuwapigia hata kofi moja.