Uzio wa Mama Mkwe

Simu ya mama mkwe wake ilipoita, Ngassa alisimama. Haikujalisha alikuwa wapi. Hata kama alikuwa chini ya lori la kwenda Kigali, alijivuta akatoka, akafuta grisi mikononi, akavua kofia, akawapa watu wote mgongo, ndipo akapokea, akimwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu." Madereva wanaolala pale Nyakanazi, kando ya kibanda chake cha kuziba matairi, walimcheka mpaka wakachoka. Walimwambia simu haina macho. Yeye aliwajibu kwamba wamwache na adabu zake, wao washughulike na matairi yao yaliyokwisha.

Kwa Wasukuma aliozaliwa kwao, mwanamume hamkodolei macho mama aliyemzaa mkewe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawali sahani moja, hawaketi chumba kimoja. Vijana wengi siku hizi wameyatupa hayo, na wengine hupiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana shingo. Ngassa hakuwa wa namna hiyo, na Speciose, mama mkwe wake, hakuwa wa namna hiyo pia. Wazazi wa Speciose walitoka Burundi wakahamia Murusagamba, wakamlea katikati ya migomba na maharage, na wakamfundisha kumwonea mkwe haya. Basi walikutana wenye aibu wawili. Ngassa alimjua mama mkwe kwa sauti, kwa kikohozi chake cha kubisha hodi, na kwa ukingo wa khanga yake ukipotea mlangoni. Uso wake hakuujua. Na alimpenda mno.

Mambo yaliharibika Speciose alipoteleza na dumu la maji, akiwa anapanda kutoka kisimani. Alilala njiani hadi jirani yake Gaudence alipopita na kumwinua. Hospitali walisema nyonga haijavunjika, ila mama huyu asiishi peke yake tena. Clarisse, bintiye, mke wa Ngassa, alitaka kumleta Nyakanazi siku ileile.

"Nije nikae wapi?" Speciose aliuliza kwenye simu. "Nyumba moja na mkwe wangu? Nikitaka kutoka nje nimwombe afumbe macho?"

"Ngassa atakujengea chumba chako, mama. Na mlango wako."

"Na uwanja je? Uwanja si mmoja?"

Ngassa alijenga chumba. Kilikuwa kizuri, cha matofali ya kuchoma, upande wa pili wa kiwanja, mlango ukitazama mashariki. Lakini uwanja ulikuwa mmoja kweli, mweupe, usio na hata kichaka. Alifikiria kuuzungushia mabati. Clarisse alipompelekea mama yake wazo hilo, jibu lilirudi haraka: yeye si kuku.

Hapo ndipo Ngassa alipokumbuka bogenvilia. Nyumba ya Speciose kule Murusagamba ilizungukwa na uzio wa bogenvilia, nyekundu ya zambarau na nyeupe, mnene kiasi kwamba mbuzi alishindwa kupita. Tangu alipokuwa akimchumbia Clarisse, mazungumzo yake yote na mama mkwe yalifanyikia pale, yeye nje kwenye kigogo, mama ndani kwenye mkeka, maua katikati. Walizungumza mvua, bei ya maharage, watoto kupata surua. Kama angeweza kuupandikiza uzio ule Nyakanazi, Speciose angekuwa na ukuta wake wa kawaida, ule aliouzoea, na hangekuwa na sababu ya kukataa.

Clarisse alipokwenda kumwona mama yake alirudi na matawi aliyoyakata kimyakimya. Ngassa aliyapokea kwa furaha ya mtu asiyejua anachokifanya. Yeye ni mtoto wa wafugaji, na kwao kitu kikitakiwa kiote, kinapewa samadi. Akachukua matairi makuukuu ya malori, akayajaza samadi ya moto kutoka zizini kwa baba yake, akachomeka matawi, akamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Yote yakaoza. Yalinuka hadi wateja wa Clarisse, aliyekuwa akipika wali na ndizi kando ya barabara, wakauliza kuna nini.

Mara ya pili alitumia mchanga na udongo, kama fundi mmoja wa bustani alivyomshauri. Safari hii matawi yalitoa vijani vidogo, na Ngassa akatamba kijiwe kizima. Lakini fundi wa matairi ana ugonjwa wake. Haamini kiraka mpaka azamishe tyubu kwenye beseni aone kama inatoa povu. Kila jioni aling'oa tawi moja akatazama kama limeota mizizi, akalirudisha. Kesho yake akang'oa jingine. Vijani vikasinyaa, matawi yakakauka yote mpaka yakawa kuni.

Clarisse alicheka alipomkuta amechuchumaa mbele ya tairi, ameshika kijiti kikavu kama mtu aliyefiwa. Kisha alikaa chini karibu naye na hakucheka tena. Gaudence alikuwa amepiga simu. Mama ameanguka tena, safari hii uani, na alikaa chini pale hadi jua likawa kali kwa sababu aliona aibu kuita watu.

"Nitakuja kumpoteza, baba Kwandu," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Na mimi niko hapa napika wali wa madereva."

Asubuhi Ngassa alifunga kibanda chake, akapanda basi, kisha pikipiki kwenye ile barabara ya mashimo, akafika Murusagamba akiwa mwekundu kwa vumbi. Alikaa kwenye kigogo, akaupa uzio mgongo, akakohoa.

Kikohozi kilijibu kutoka ndani. Alisikia fimbo ikigonga ardhi polepole, kisha mama akijishusha kwenye mkeka kwa kuguna. Fimbo ile ilimuuma Ngassa kuliko safari yote.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mkwe. Huko wazima?"

"Wazima. Mayu, nimekuja kujifunza kupanda bogenvilia. Za kwangu zinakufa."

"Kumbe Clarisse ndiye aliyenikatia matawi upande wa choo. Nikadhani ni mbuzi." Speciose akauliza alivyofanya, na Ngassa akaeleza yote, samadi na kumwagilia na kung'oa. Nyuma ya maua alisikia sauti ya mtu anayejizuia kucheka, halafu ya mtu aliyeshindwa kujizuia.

"Yewe! Unamng'oa mtoto tumboni uone kama ana meno?"

Kisha akamfundisha. Usichukue tawi bichi la juu, chukua lililokomaa, unene wa kalamu, urefu wa shubiri. Kata mshazari chini ya kijicho, pale jani linapochipukia, toa majani yote. Mchanga zaidi ya udongo, samadi usiilete hata kwa harufu. Weka kivulini, maji kidogo, mchanga ukikauka ndipo unyunyize. Majani yatatangulia, nayo yanadanganya, yanaishi kwa akiba ya kijiti chenyewe. Mizizi inakuja nyuma, taratibu, na haitaki kutazamwa. Siku ya kuhamisha, hamisha na udongo wake wote, usiubomoe, maana bogenvilia ina miiba mikali kama mbwa na mizizi laini ya kitoto.

Alipokuwa akisema, alikuwa akikata. Ngassa alisikia kisu. Kisha mkono mkavu, wenye pete ya shaba, ukapita chini ya uzio na kusukuma fungu la vijiti lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Ngassa aligeuza uso upande haraka, akapapasa hadi akalipata.

"Unataka uzio wa nini huko kwenye malori?" mama aliuliza.

Ngassa alikuwa amejiandalia uongo tangu kwenye basi, kwamba ni urembo, kwamba Clarisse anapenda maua. Akauacha.

"Ni ukuta wako, mayu. Ili uje ukae na sisi, uwe na uwanja wako, nisikuvunjie heshima."

Kuku alipita, akaondoka.

"Ukishika," Speciose alisema mwishowe, "nitakuja."

Ngassa alirudi na fungu lile amelipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Alipanda kama alivyoagizwa, kivulini nyuma ya nyumba, na akamkabidhi Clarisse mamlaka ya kumpiga mikono akikaribia. Majani yalipotoka, alizunguka zunguka kama fisi. Mama mkwe alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Ngassa alisimama, akavua kofia.

"Umegusa?"

"Sijagusa."

"Umetaka kugusa?"

"Sana, mayu."

Na wote wawili walicheka, kila mmoja peke yake, na Ngassa alihisi moyo umemjaa.

Zilishika. Sio zote, lakini nyingi. Mvua zilipoanza alizihamisha pamoja na udongo wake kwenye mstari uliokata uwanja katikati, na akaziwekea vijiti vya kuegemea. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda alizipima kwa mguu wake. Kwenye kifundo. Chini ya goti. Kiangazi kikakaribia, zikafika gotini, na hapo zikaanza kutoa maua, zambarau kali, badala ya kurefuka. Ngassa aliyatazama maua yale kwa uchungu. Hakuwa ameomba maua. Alikuwa ameomba urefu.

Ndipo Gaudence akapiga simu kwa mara ya tatu. Safari hii Speciose alikuwa ameangukia jikoni, karibu na moto, na upindo wa khanga yake uliungua.

Jioni ile Ngassa alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpigia yeye mama mkwe wake.

"Mayu, zimeshika." Angeweza kuishia hapo. Alitamani kuishia hapo. "Lakini ni fupi. Zinafika gotini tu. Haziwezi kumficha mtu. Kama utakuja sasa, utaniona, nami nitakuona, na sijui nifanye nini. Ila nakuomba uje. Nitakuwa naingia nyumbani giza likishaingia. Nitapitia nyuma. Nakuomba, mayu."

Aliikandamiza simu sikioni.

"Zimetoa maua?" mama aliuliza.

"Zimetoa."

"Mtume Clarisse aje anichukue."

Siku walipofika ilikuwa alasiri. Ngassa alisikia gari likisimama, akasikia fimbo, akasikia sauti ya mkewe ikisema taratibu, taratibu. Alikuwa na mpango wa kupitia nyuma, lakini alikuwa amechelewa akinyoosha vijiti, na sasa njia yote ilikuwa wazi mbele ya mama mkwe. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akafanya alichoweza. Alipiga magoti nyuma ya uzio wake, akainama, akakunja shingo, jitu zima la kunyanyua matairi ya malori, akajisukuma kwenye bogenvilia za gotini hadi miiba ikamchora mashavuni. Mgongo wake wote ulibaki nje, ukionekana mpaka barabarani.

Alisikia kiti kikiwekwa upande wa pili, karibu sana, na mtu akikaa kwa kuguna. Clarisse alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

"Zimeota vizuri," Speciose alisema. "Sasa leta kisu uzikate vichwa."

"Nikizikata hazitakua, mayu," Ngassa alijibu akiwa ndani ya majani.

"Zitanenepa. Lakini zisipande. Kila zikitaka kupita hapo, unakata. Zibaki hivyo hivyo."

"Mayu, zikibaki hivi zitakuficha vipi?"

"Nimezeeka," alisema. "Nitaanguka tena, hata hapa nitaanguka. Na siku hiyo Clarisse atakuwa kwenye wali wake, atakayekuja kuniinua ni wewe. Nataka niujue uso wako kabla." Sauti yake ilikwaruza. "Miaka yote hii nazungumza na mgongo wako. Ni mgongo mzuri. Inuka sasa, mwana wanje, miiba itakutoa jicho."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo, mwanangu. Daima ilikuwa mkwe. Ngassa alibaki pale chini kwa muda, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka hilo liwe la kwanza kuonekana, kisha akaona hakuna jinsi. Akajipangua kutoka kwenye miiba, akainuka, uso umechorwachorwa damu, petali za zambarau zimenasa kwenye ndevu. Mbele yake alikaa mama mdogo, mwembamba, mwenye macho makubwa ya Clarisse, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Naye alikuwa analia, na aliona haya, na hakujifunika.

Clarisse alileta kisu. Ngassa alianza kukata kutoka mwanzo wa mstari, na Speciose akamwelekeza kwa fimbo, hapo, juu ya kijicho, hapo tena. Kila alipoinua macho alimkuta anamtazama, na Ngassa hakugeuza uso.