Aliyemjua Koplo Luhende

Gauni la Pelagia lilikuwa limefuliwa kwa majani ya mpapai, maana dukani Kiabakari sabuni ilikuwa imekuwa hadithi. Alisimama mbele ya maofisa watatu, katika ukumbi wa jeshi mjini Musoma, mikono ameifumbata kuficha kiraka. Nyuma yake, kwenye benchi, aliketi Boke, mama mzazi wa marehemu mumewe Apolinary. Kando, ndani ya sare iliyopigwa pasi, aliketi Koplo Luhende, mshtakiwa.

Pelagia alikuwa ameshaeleza. Walikuwa wanatoka soko la Mwigobero, yeye na mumewe, gunia la dagaa juu ya baiskeli. Kwenye kizuizi cha barabarani, karibu na Kiabakari, askari walikuwa wanasaka walanguzi. Luhende aliingiza mkono kwenye dagaa, akatoa mfuko wa sukari ya magendo.

"Luhende, ni mimi Apolinary," mumewe alisema akicheka kidogo.

Askari wengine waligeuka kumtazama koplo anayejulikana na mlanguzi. Ndipo Luhende alipomshindilia Apolinary kitako cha bunduki nyuma ya sikio. Apolinary alikata roho njiani, akiwa kwenye keria ya baiskeli yake mwenyewe, Pelagia akiisukuma.

Kapteni Danford, aliyemtetea koplo, aliinuka taratibu.

"Pole kwa msiba, mama."

"Asante, baba."

"Pale kizuizini askari walikuwa wengi. Wote sare moja, wote kofia za chuma. Ulijuaje kuwa ni huyu?"

"Ninamjua. Anakujaga nyumbani."

"Anakujaga." Kapteni alilirudia neno lile kama mtu anayeonja mchuzi. "Kufanya nini?"

Pelagia alikifunika kiraka kwa kiganja.

"Mama, mwanamume huyu alikuwa anakuja kwako kufanya nini, mumeo akiwa amefuata dagaa?"

"Hata mume wangu akiwepo, alikuwa anakuja."

"Sijakuuliza habari za mumeo."

Kuna askari alicheka nyuma. Pelagia alihisi macho ya Boke yakimchoma shingoni. Akaiona njia anayopelekwa: kabla ya kesho Kiabakari nzima ingesema alikuwa hawara wa koplo, na kwamba Apolinary alikufa kwa sababu ya ugomvi wa mwanamke. Alimtazama luteni wa mashtaka. Luteni alikuwa anatazama dirishani. Alimtazama Luhende, ambaye neno lake moja lingetosha. Luhende alitazama buti zake.

"Anakujaga kunywa," Pelagia alisema.

"Kunywa nini?"

"Gongo. Ninapikaga gongo."

Ukumbi ulivuma. Kapteni hakuwa na haraka.

"Unajua kuwa gongo ni kosa?"

"Ninajua, baba."

"Na mpishi huonja anachopika."

"Anaonja."

"Siku ile ulionja?"

"Asubuhi. Kidogo tu. Usipoonja utajuaje kama imeiva?"

Kapteni alimgeukia meja aliyeongoza kikao. "Afande, shahidi wa pekee aliyeona ni mlanguzi, mpika gongo, na siku ya tukio alikuwa amekunywa. Sina swali jingine."

"Sikulewa!" Sauti ya Pelagia ilipasuka. "Luhende, si alikuita kwa jina? Sema kama hukumsikia!"

"Shahidi hamhoji mshtakiwa," meja alisema. "Nyamaza, mama."

Luhende aliinama, akaanza kufunga upya kamba za buti.

Baada ya chakula cha mchana meja alisoma uamuzi. Ushahidi wa mtu wa tabia ile haungeweza kuaminika. Koplo arudi kazini. Askari wenzake walimpiga Luhende mabegani, naye akatoka nje upesi bila kumtazama mtu.

Mlangoni polisi wawili walikuwa wanamsubiri Pelagia.

"Umekiri mwenyewe mbele ya wakubwa," mmoja alisema, karibu kwa huruma. "Sisi tufanyeje?"

Boke aliwafuata mpaka uani, akijikongoja. Alimshika mkwewe kiwiko.

"Mama," Pelagia alisema, "nimesema vile ili usije ukafikiri mimi na yule..."

"Ungenyamaza tu, mwanangu." Boke alimwekea sawa kola ya gauni. "Apolinary aliniambiaga kila kitu. Mimi nilikuwa najua yule anakujaga kunywa tu."

Pelagia alijifunika uso kwa viganja. Polisi walimketisha chini ya ukuta, wasubiri gari lao lisukumwe liwake.

Siku hiyo hapakuwa na basi la Kiabakari. Stendi nzima ilikuwa haina mafuta. Lori la jeshi ndilo lililokuwa linaondoka, likirudisha askari kizuizini. Dereva alimwona bibi kizee amesimama barabarani peke yake, akasimama, akampigia kelele apande. Nyuma ya lori bodi ilikuwa juu, na Boke hakuifikia. Mtu mmoja aliinama, akanyoosha mkono.

"Karibu, mama," alisema Luhende.

Boke aliutazama ule mkono. Jua lilikuwa linateremka, na wajukuu walikuwa peke yao nyumbani.

Akaushika.