Kishikio cha Haya

Mwaka 2003 nilikuwa mpokea simu katika studio ya katuni, juu ya duka la mapazia, Khuwair ya Kusini, huku Uarabuni. Nilizichukia simu zile na waliokuwa wakizipiga. Nikamwomba Marhoon, mwenye studio, nijifunze kazi ya nyuso. Marhoon hakuwa mtu wa kukataa, hasa kwangu: mama yake na mama yangu walikulia mtaa mmoja Unguja. Akasema nijaribu mpaka mwezi wa Shaaban uingie. Nikishindwa, narudi kwenye simu zangu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mchoraji anakuletea kichwa ndani ya kompyuta, kizuri, kimekufa. Unakitia mifupa chini ya ngozi, kisha unaunga vishikio: hiki ukikivuta nyusi zinapanda, hiki kinafungua mdomo, hiki kinakunja pua. Ukiunga vibaya, mtu akicheka sikio linaingia shavuni. La kwangu liliingia sana.

Mwalimu wangu alikuwa Enos, Mkenya mpole, na upole wake ulinitia hasira. Alinipa kioo. "Sura utaisomea hapo," alisema. "Kasirika, halafu uone ni nini inasonga."

Kukasirika hakukunipa taabu. Nikaunga hasira, furaha, huzuni, woga, mshangao na kinyaa, orodha yote ya Enos, na kila kishikio kikafanya kazi. Nikajiona nimefika.

Uso ulikuwa wa msichana wa katuni ya Ramadhani. Futari imekaribia, mama yake anamtuma kwa jirani kuomba sukari. Tulipouchezesha mara ya kwanza, Marhoon alitazama mpaka mwisho.

"Huyu haombi," akasema. "Huyu anadai kodi. Yaani mtoto wa watu anagonga mlango magharibi hii, hana haya hata chembe?"

Nikamuuliza Enos kishikio cha haya kiko wapi. Akaitafuta kwenye orodha. "Haiko," akasema. "Jaribu huzuni kidogo, uchanganye na woga." Nikachanganya. Msichana akawa anaumwa jino.

Nikarudi kwenye kioo nione haya. Nikaona mwanamke anayejitazama. Nikampelekea mama shida yangu.

"Uso umeumbwa na haya," akasema mama, "lakini wako nadhani ulitoka haujamalizwa. Na hiyo haya ya kwenye kioo umeisikia wapi? Utaona haya peke yako chumbani, umuonee nani?"

Alisema kweli, na hilo lilinikera zaidi.

Shaaban ikaingia. Marhoon akaniita ofisini. Palikuwa na kahawa na halua, nikajua mambo yameharibika.

"Kheiria, ndugu yangu, mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na shangazi wa Bustan?"

"Hajambo naye."

"Alhamdulillahi. Sasa, yaani, nna neno."

Neno halikutoka. Macho yake yalinifika kidevuni, yakarudi kwenye sahani. Kope zilishuka kwanza, kichwa kikafuata. Pembe moja ya mdomo ikataka kutabasamu, ya pili ikaizuia. Nyusi hazikufanya lolote, na mimi muda wote ule nilikuwa nikihangaika na nyusi.

"Nimempata bwana mmoja wa Misri," akaiambia halua. "Ataanza Jumamosi."

Roho iliniuma, machozi yakanilenga. "Usinyanyuke," nikamwambia. "Kaa hivyohivyo. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Kwamba nimeshindwa."

Hakuweza. Kope zikashuka tena, nami nikatoka mbio kwenda kwenye kompyuta kabla sijasahau.

Jioni ile msichana aligonga mlango, macho yakaishia kwenye kifua cha jirani, mdomo ukajizuia. Enos aliacha kutafuna. Marhoon akaja, akatazama, akaomba irudiwe.

"Maskini, huyu ana haya," akasema. "Umeipata wapi?"

"Kwako, uliponifukuza."

Akakohoa. Akasema kazi ni yangu, ila yule bwana wa Misri keshakata tiketi, atafika tu. "Nenda wewe ukamwambie, Kheiria. Wewe huna haya."

Jumamosi nikashuka mapokezi nimeyapanga maneno ngazi nzima. Alikuwa amekaa, sanduku miguuni, shati limepigwa pasi. Akanyanyuka kunisalimu, akanishukuru kwa kumpokea. Nikafungua mdomo.

Nikamuuliza kama amekunywa chai.