Meza ya Pande Saba

Mke wangu alirudi kwao, na sababu haikuwa ulevi wala wanawake. Tangu tuoane hajawahi kunisikia nikisema nimekosea. Mimi ni seremala. Nikikata ubao ukatoka mfupi, kosa ni la ubao.

Wazee wakapanga kikao cha suluhu nyumbani kwangu. Kwao watakuja wanne: yeye, mama yake, shangazi na mjomba. Kwetu watatu: mimi, mama na dada yangu. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha akili. Nitatengeneza meza ya pande saba, kila mtu na upande wake, asiwepo wa kukaa kichwani na kujifanya hakimu. Pande zao nitazipaka nyekundu, zetu nyeusi, zikipokezana, ili pasiwe na wa kumnong'oneza ndugu yake. Hasa mama mkwe na shangazi. Wale wakikaa pamoja, hata malaika hatoki salama.

Nikampigia simu mke wangu kujisifu. Akasikiliza, akasema saba haitakubali, niongeze upande mmoja au nipunguze. Nikamjibu asihangaike, fundi ni mimi. Akakata simu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja kabla ya kikao nikashika brashi: nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Nikazunguka meza kuifurahia kazi yangu, nikakuta nyekundu ya mwisho imekumbana na ya kwanza. Nikapaka upya kuanzia kona nyingine, maana niliamini kosa ni la kona. Nyekundu mbili zikakutana huko nako. Nilihamahama na brashi mpaka rangi ikawa nene kama uji, nami bado naigombeza meza kama mtoto mtukutu.

Wageni walipofika waliketi kwa rangi kama nilivyowaelekeza, na pande mbili nyekundu zilizoshikana zikawaangukia mama mkwe na shangazi. Wakainamiana papo hapo. Mjomba akaniuliza kwa heshima kama hivi ndivyo nilivyokusudia. Nikakohoa, nikaanza kueleza kwamba fundi mwenye jicho huacha mahali pamoja pasipolingana, kwamba huo ni mtindo na wenye macho huuona. Mama yangu akatazama dari.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake mapajani kama mtu aliyekwisha kuaga.

"Fundi," akasema, "kweli ni mtindo?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini niliutazama ule mkoba, nikaogopa kwelikweli.

"Hapana. Uliniambia, sikutaka kusikia. Nimekosea."

Dada yangu alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Mama mkwe na shangazi walikatisha mnong'ono wao katikati ya neno.

Mke wangu aliuweka mkoba sakafuni, akasimama, akaenda mpaka pale nyekundu mbili zilipokutana.

"Mama, shangazi, naomba mtupishe," akasema. "Hapa watakaa watu wa nyumba moja."

Nikaenda kuketi kando yake bila kuongeza neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi.