Bega la Mwenye Kadi

Anatolia alifika kwenye dirisha la bima asubuhi, akiwa na shuka la kujifunika wodini, ndoo yenye sabuni na kijiko, na chupa ya uji wa kunywa baada ya upasuaji. Alikuja Bukoba kukatwa rovu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na Daktari Varsha alikuwa ameshamchorea shingoni, kwa kalamu ya zambarau, mstari ambao kisu kingeufuata.

Lilian, dada wa dirishani, alimwambia aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakaa kimya. Lilian akampa kitambaa afute kidole, aweke tena.

"Kadi haisomi, mama. Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Mwajiri wako. Tangu Ijumaa."

Anatolia alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni wilayani Muleba. Ijumaa hiyo shule ilikuwa imemkabidhi mzabuni jiko, na mzabuni akaja na wapishi wake. Wapishi wa zamani waliagwa kwa soda na makofi. Hakuna aliyewaambia kwamba waliporudisha aproni walikuwa wamerudisha pia koo zao, figo zao na mioyo yao.

"Na huu mstari wa daktari?" Anatolia aliuliza, akainua kidevu.

Lilian alichungulia. "Mstari uko sawa kabisa. Kadi ndiyo haisomi."

Akarudi kijijini kwake Buganguzi na ndoo yake, shuka lake na mstari wake. Mstari haukutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Rovu liliendelea kukua, na mstari ukanyooka nalo. Kwaya ya Kilutheri, ambayo Anatolia aliiongoza kwa sauti ya kwanza, ilianza kumwachia ubeti wa kwanza tu, kisha hata huo ukamshinda. Alilala akiwa ameketi. Daktari alikuwa amemweleza bila kumzungusha: rovu linabana bomba la hewa, na siku litakapolibana kabisa hakutakuwa na muda wa kutafuta usafiri. Anatolia aliogopa sana, na hakuona sababu ya kuficha hofu yake.

Alimpigia simu shemeji yake Ishengoma, mdogo wa marehemu mumewe. Ishengoma alikuwa afisa wa serikali, anaishi Kagondo, na kadi yake ilikuwa inasoma vizuri mno. Lakini ilikuwa imejaa: mke, watoto wanne, basi. Mjane wa kaka hakuwa na nafasi. Ishengoma alisikitika kwa heshima zote, akamtakia nafuu.

Siku ya mvua kubwa Anatolia alianguka katikati ya migomba yake. Aliyemwona ni Hellen, mpishi mwenzake wa zamani, akapiga yowe. Pikipiki zilikuwa zimekwama kwenye tope la mlimani, kwa hiyo Byabato, mwenyekiti wa chama cha engozi, akaitoa engozi chini ya paa lake.

Engozi ni machela ya miti miwili mirefu na kamba zilizosukwa, na kila kaya ya pale imo kwenye chama chake. Mgonjwa akizidiwa, kila mwanaume huleta bega. Asiyefika hutozwa faini ya lubisi, ile pombe ya ndizi, na asiyetoa faini siku yake ikifika habebwi. Ishengoma hakuwa ameleta bega tangu apate kazi. Alikuwa akileta faini, tena kwa wakati, na wanachama walikuwa wakimkumbuka kwa upendo kila walipoinywa. Sharti jingine la chama ni kwamba engozi haituliwi njiani. Wabebaji hupokezana huku wanatembea.

Walikuwa wameshapita mikahawa ya kwanza ndipo Kamala, aliyeshika mti wa mbele kulia, alipolalamika kwamba kola inambana. Akafungua kifungo. Akafungua kingine.

"Kamala, una rovu," alisema Byabato.

"Nalisikia," alisema Kamala.

Lilikuwa limekaa vizuri shingoni mwake, na mstari wa zambarau ukiwa juu yake. Huko juu Anatolia aliinuka akaketi, shingo yake nyembamba kama ya mwali, akauliza kwa sauti ambayo haikuwa imesikika tangu Pasaka wanampeleka wapi na nani amefunga mlango wa kuku.

Mwingine alipompokea Kamala, rovu likahamia kwa huyo mwingine. Kamala akafunga vifungo vyake. Walijaribu bega la kushoto, wakajaribu mabega ya nyuma: hapana, lilimpenda wa mbele kulia tu. Na mara neno likatangulia mbele ya machela. Watu wakatoka kwenye vibanja vyao na majembe mikononi. Kila mtu alitaka zamu! Muharami, muuza mitumba wa njia panda, aliacha biashara wazi akaja kukimbia kando, akisema yeye shingo yake ni pana, linaweza kukaa bila shida. Mwanamke mmoja, Celina, akaweka bega ingawa wanawake huwa hawabebi, na rovu likampendeza hivi kwamba waliomfuata walimwambia. Alikubali kupokewa kwa shida. Anatolia aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, zote, na kwaya iliyomkuta njiani ikaingia chini ya sauti yake, huku mvua ikinyesha na hakuna aliyeona haja ya mwavuli.

Ilikuwa siku nzuri kuliko harusi nyingi za Buganguzi, na ninasema hivyo nikijua kuna watu wameoana huko.

Kamala ndiye aliyeuliza. "Tukiitua zahanati, linabaki kwa nani?"

Kwaya ikapungua. Lilikuwa swali la haki. Atakayeitua akiwa mbele kulia atakwenda nalo nyumbani, na mbele yao paa la zahanati lilikuwa limeshaanza kuonekana. Byabato hakusimama, kwa sababu sharti ni sharti. Akatoa simu mfukoni akiwa anatembea.

"Nani kati yetu ana kadi inayosoma?"

Watu wakatazamana. Kisha mtu mmoja wa nyuma akasema, "Bwana Faini," na kicheko kikashika msafara wote.

Byabato akampigia Ishengoma, wakaipita zahanati, wakaelekea barabara ya lami. Ishengoma aliwakuta huko, akashuka kwenye gari lake akiwa na tai, akaangalia viatu vyake, kisha tope. Byabato akamweleza jambo lote waziwazi, wakitembea. Ishengoma alisikiliza kama anavyosikiliza watu wa ofisini.

"Nimeelewa, tata," alisema, akimwita baba kwa Kihaya. "Lakini huu si udanganyifu? Kadi ni yangu, ugonjwa ni wa shemeji."

"Daktari atapima shingo ya nani?"

"Yangu."

"Na rovu litakuwa shingoni mwa nani?"

"Mwangu."

"Sasa bojo, mwanangu, muongo hapo ni nani?"

Ishengoma alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni, na katika kanuni zote alizozijua hakuona iliyokataza rovu. Ila alilegeza tai polepole, kwa sababu kisu kingekuwa cha kweli na koo lingekuwa lake.

"Shemeji," Anatolia alimwambia kutoka juu, "usiponipokea sitakulaumu. Nitalichukua tena rovu langu nife nikiwa na heshima yangu. Lakini nipe jibu, hawa watu wamechoka."

Ishengoma akaingiza bega. Lilikuwa bega jororo, na mti ulimkwaruza papo hapo. Rovu likahama. Ishengoma alikohoa, akashika shingo, akatembea hatua za kutosha kuonyesha kwamba hakulazimishwa, kisha akasema yuko tayari. Wakaitua engozi taratibu kwenye nyasi za kando ya lami. Anatolia akasimama kwa miguu yake na watu wakapiga vigelegele mpaka lori la ndizi likasimama kuuliza nani ameshinda.

Bukoba waliingia mchana, yeye kwenye gari lake, wengine nyuma ya lori la ndizi. Lilian alimpokea dirishani. Kidole kikawekwa, mashine ikawaka kijani mara moja.

"Kadi inasoma, mzee. Tatizo?"

"Rovu."

"Umeanza kuliona lini?"

"Tangu barabarani, Muleba."

Lilian akaandika hivyo.

Daktari Varsha alizaliwa mjini hapo, nyuma ya duka la babu yake, na aliwasalimu wagonjwa wote Kihaya. "Wasibota, waitu," alimwambia Ishengoma, akamwinua kidevu. Akaweka miwani vizuri.

"Huu mstari ni wa kalamu yangu."

"Ndiyo, Daktari."

"Mwenye rovu yuko wapi?"

"Yuko bustanini. Ndiye anayeimba."

Daktari alifungua dirisha akasikiliza. Sauti ilipanda, ikakaa huko juu bila kutetemeka, ikashuka ilipotaka yenyewe. Daktari alitabasamu. "Hewa inapita vizuri," alisema, akamwambia muuguzi aandae kitanda. Kilikuwa kile kile. Hakuna mtu aliyekuwa amelazwa juu yake tangu Anatolia arudishwe, na shuka halikuwa na kunyanzi.

Wakalikata kwa kuufuata mstari. Ishengoma alitoka na kovu na vidonge vya kumeza kila asubuhi kwa maisha yake yote, kwa kuwa rovu lilikuwa limeondoka pamoja na tezi yake. Yaani tezi ya Anatolia. Vidonge alimeza yeye, vikafanya kazi kwa Anatolia. Asubuhi aliyosahau, Anatolia huko Buganguzi alisikia baridi na usingizi, akaomba simu ya jirani.

"Shemeji, umemeza?"

"Loo! Nisamehe, nilichelewa kikao. Nameza sasa hivi."

Krismasi Ishengoma alikuja kanisani, akaketi mbele, kola wazi makusudi. Anatolia aliimba, na wengi walilia bila kujificha. Byabato alitangaza kwamba faini za Ishengoma zimefutwa zote. Ishengoma alifurahi kupita alivyofurahi alipopandishwa cheo, akasema siku yoyote, saa yoyote, wamwite.

Wakamwita masika. Hellen alikuwa mgonjwa wa moyo, na dawa zake alikuwa akizipata kwa kadi iliyofungwa ile Ijumaa ya soda. Mwanzoni alimeza nusu nusu ili zidumu. Kisha zikaisha. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kudokoa, na Jumapili moja akashindwa kuinuka. Engozi ikatoka. Ishengoma alikuwa kijijini, naye alifika wa kwanza kabisa, amevua tai mwenyewe, akadai mbele kulia. Miguu yake ikajaa ndani ya viatu. Akavivua huku anatembea, akampa mtu amshikie, na moyo wake ukaenda mbio hivi kwamba wenzake waliusikia. Watu wakashangilia. Huko juu Hellen akavuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya majuma, akaomba maharage abangue maana mikono yake haikuwa na kazi.

"Kabla hatujatua," alisema Byabato, "hebu piga kwa Lilian."

Ishengoma akapiga. Lilian akaangalia.

"Kadi inasoma, mzee. Ila imefika ukomo wake wa mwaka wa bima. Lile rovu lilikula karibu yote, na vidonge vimemaliza. Zaidi ya vidonge haitoki kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwaka wa bima uishe."

Ishengoma alirudisha simu mfukoni. Alikuwa amekasirika, na hasira haikuwa na pa kwenda kwa sababu Lilian alikuwa amezungumza kwa adabu. Wakapiga simu nyingine. Kadi ya mwalimu mkuu ilikuwa imejaa watoto. Ya muuguzi wa zahanati ilikuwa imejaa wazazi. Mchungaji aliahidi kuomba. Machela ilikuwa imeshafika lami, na hapakuwa na mwenye kadi wa kuishika ikituliwa.

"Basi hatutui," alisema Byabato, na wakageuza.

Hawajatua mpaka leo. Wanakwenda hadi lami, wanarudi hadi kanisani, wanazunguka kwa upande wa mikahawa, wanashuka tena. Kila mtu ana zamu yake ya mbele kulia, na zamu ikiisha anakwenda kulala, miguu ikiwa imenywea. Chakula wanaletewa njiani. Hellen ameshabangua maharage ya nusu ya kijiji na anasuka mikeka. Watoto hufanya mazoezi ya mabega kwa fito za migomba, na wapo wanaodanganya umri ili waingie. Jioni engozi inapopita, nyumba nzima hutoka kuipungia, na wageni huambiwa wasubiri waione kabla hawajaondoka.

Zamu ya Anatolia huja baada ya mazoezi ya kwaya. Juzi alimpokea Ishengoma, aliyekuwa jasho tupu na bega limeota sugu. Miguu ikamjaa, moyo ukaanza kumgonga kifuani. Hakupenda hata kidogo, akasema hivyo, kisha akaanza kuimba. Wakapita nje ya shule. Moshi ulikuwa unapanda jikoni, na wapishi wa mzabuni wakaja uzioni na miiko yao kuwatazama. Mmoja wao, binti mwenye kikohozi, akawafuata kwa ndani mpaka uzio ulipoishia.

"Mama," alimwita Anatolia, "chama chenu kinapokea watu wapya?"

"Ninyi huko hamna kadi?"

"Mzabuni alisema tusubiri kwanza."

Anatolia akamtazama Byabato. Byabato akamwambia binti avue aproni, apite getini, aanzie bega la nyuma kushoto mpaka alizoee.