Pikipiki ya Kupandia Patsy

Injini ilikuwa imelala chini ya mabati nyuma ya duka la Chabane, mtaa wa Magoudjou, mjini Moroni. Zamani iliendesha pampu ya maji katika shamba la milangilangi, miti ya maua ya manukato. Saindou aliichuchumalia, akashika gurudumu lake la kamba akajaribu kulizungusha. Halikutikisika.

"Imeganda," alisema Chabane, mfanyabiashara aliyemwoa dada yake Saindou. "Nilikwambia usijisumbue kuvuka bahari kwa chuma hiki, shemeji."

"Kama pistoni imegandia tu, mafuta ya taa yatailegeza. Kama silinda imepasuka, basi."

"Na utajuaje?"

"Nitajua nikishaifungua nyumbani."

Chabane alicheka, kisha akaona uso wa shemeji yake, akasukuma mabati kando. "Ichukue. Lakini wewe fundi wa bandarini, unashinda kwenye karakana karibu na kwako. Pikipiki ya nini?"

"Ya kupandia Patsy."

Boti ya kurudi kisiwani kwao Anzwani ilipigwa na mawimbi njia nzima. Saindou alikuwa ameifunga injini kwa gunia na kuipaka grisi, lakini kila maji ya chumvi yaliporuka aliifunika kwa koti lake mwenyewe, akakaa analowa, huku akitapika. Abiria wenzake walidhani amebeba kitu cha thamani kubwa. Walipokiona kwenye gati la Mutsamudu waliangua kicheko.

Mkewe Maanrifa hakucheka. Alikuwa mkunga katika hospitali ya Hombo, mjini Mutsamudu, na mwaka uliopita, 1970, msimu wa mvua, alikuwa ameitwa Patsy, kijiji kilichoko juu ya mji. Teksi zilikataa kupanda kwa sababu ya matope. Alipanda kwa miguu, na alipofika alimkuta mama aliyekuwa akijifungua ameshafunikwa shuka. Siku ile alirudi nyumbani viatu mkononi, akaketi kizingitini, mpaka binti yao Housna alipomletea maji ya kunawa. Hapo alisema tu, "Miguu yangu ndiyo iliyochelewa." Saindou hakuweza kuyasahau maneno hayo.

Baiskeli ilikuwa inazama kwenye matope yale. Pikipiki za kawaida hazikupatikana, na tairi zake nyembamba zingeteleza vilevile. Ndipo alipoyaona matela ya mizigo yaliyotupwa nyuma ya banda la uwanja wa ndege wa Ouani: magurudumu mafupi, manene kama mito ya kulalia. Mlinzi alimruhusu achukue mawili. Fremu aliitengeneza kwa mabomba ya kitanda cha chuma, kiti kwa ubao mrefu uliowekewa mto wa sufi juu. Injini ililowekwa mafuta ya taa siku nyingi, na asubuhi moja pistoni ikateleza ghafla chini ya mkono wake. Silinda ilikuwa nzima. Saindou aliketi chini sakafuni, akacheka peke yake.

Furaha ile haikudumu. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulimtia wasiwasi tangu mwanzo. Bomba lilikuwa jembamba mno kwa kuchomelea. Moto ulililegeza upande mmoja. Alilikata, akachomelea tena, akalizungushia kipande cha chuma. Bado halikumpendeza.

"Mama Housna," alimwambia mkewe, "uma huu siuamini. Kwenda, huenda ukastahimili. Kushuka na uzito, sijui."

"Utauamini lini, Baba Housna? Mvua imeshaanza."

Baba yake Maanrifa, Mzee Soilihi, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuja kuitazama pikipiki. Saindou alijiandaa kusikia kwamba haifai mwanamke kuonekana juu ya chombo kile mbele ya watu. Mzee aliizunguka, akabonyeza tairi kwa ncha ya bakora.

"Ina breki?"

"Ipo, Baba. Unakanyaga hapa, kipande cha mpira kinakandamiza gurudumu la nyuma."

"Na gurudumu likilowa?"

Saindou alikipapasa kile kipande cha mpira. Mzee akasema "Mungu awahifadhi," akaenda zake.

Siku yenyewe ilikuja mapema kuliko walivyotaka. Asubuhi, mvua ikinyesha, Idarousse wa Patsy alifika nyumbani kwao akitweta, matope mpaka mapajani. Mkewe, Moinahalima, alikuwa kwenye uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Maanrifa aliitazama pikipiki, kisha akamtazama mumewe.

"Washa."

Alikaa nyuma, miguu upande mmoja, mkoba wa kazi mapajani, shiromani yake, kile kitambaa cha kujitanda, ameikaza kiunoni. Idarousse alipita njia za mkato kwa miguu. Mtaani watu walitoka milangoni. Mmoja alipiga kelele ya kejeli, Saindou hakumsikia. Masikio yake yalikuwa kwenye uma. Kila jiwe lililogongwa alilisikia kwenye meno. Lakini tairi zile nene zilikanyaga matope badala ya kuzama, na injini ya pampu ilikohoa, ikashuka sauti, ikapanda tena, wala haikuzimika. Walipofika, Saindou alipitisha kidole kwenye uma, chini ya usukani. Palikuwa na mstari mwembamba, kama unywele. Pengine ni rangi iliyobanduka, alijiambia. Hakuamini.

Mtoto alizaliwa muda si mrefu baadaye, wa kike, akilia kwa nguvu. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha vigelegele vikakatika. Maanrifa alitoka mlangoni, mikono imelowa damu mpaka kwenye viwiko.

"Damu haikomi. Nimemchoma sindano, nimemkanda tumbo, haikomi. Lazima daktari amwone."

Desturi ilikuwa kumbeba mgonjwa juu ya kitanda, wanaume wakipokezana. Lakini wanaume wengi walikuwa wameshuka mjini kwa maziko. Walibaki Idarousse na jirani zake wawili, Djaanfar na Ridjali.

"Kitanda, hata tukiwa wanne na fundi, bila wa kupokezana hatufiki," alisema Djaanfar.

Wote waligeuka kumtazama Saindou. Akaonyesha chini ya usukani.

"Uma una ufa," alisema. "Nimeuona sasa hivi. Na breki imelowa."

"Injini isiwashwe," alisema Maanrifa. "Twende mwendo wa miguu. Fungeni kamba nyuma, muivute isikimbie."

Wakafanya hivyo, mtoto akaachwa mikononi mwa wanawake. Idarousse alikaa mwishoni mwa kiti na kumpakata mkewe, aliyeegemea kifua chake, miguu imenyooshwa mbele. Saindou alitembea ubavuni akishika usukani. Maanrifa upande wa pili, kiganja kimekandamiza tumbo la mgonjwa. Djaanfar na Ridjali walishika kamba nyuma, visigino vikichimba matope. Moinahalima alikuwa wa rangi ya jivu. Mara kwa mara Maanrifa alimwita jina, na kila mara jibu lilichelewa zaidi.

Kwenye kona ya mteremko mkali, Saindou aliona ufa unafunguka. Ulifunguka polepole, kama mdomo. "Shikeni!" alipiga kelele, akaingiza bega chini ya usukani. Uma ulikatika, gurudumu la mbele likabingirika likatumbukia korongoni. Pikipiki ilipiga magoti. Idarousse alimkumbatia mkewe, akalia kwa sauti.

"Nyamaza, bado anapumua," alisema Maanrifa, kiganja chake hakikuondoka tumboni.

Saindou, uzito wote ukiwa begani, alitazama huku na huku. Kando ya njia palikuwa na ua wa miti wa shamba la mtu. "Djaanfar, ng'oa mti ule mrefu! Upitishe hapa, chini ya fremu!"

Djaanfar na Ridjali waliingia kila mmoja upande wake, wakaweka mti mabegani, wakainuka. Mbele ya pikipiki ikapanda juu, na miguu ya Moinahalima ikapanda nayo. Gurudumu nene la nyuma likabaki chini peke yake, likibeba nusu ya mzigo. Maanrifa alitazama, akaelewa kabla ya wote.

"Hivyo hivyo! Inueni zaidi, damu irudi kichwani! Msishushe!"

Saindou alikamata kamba peke yake, akaizungusha kiunoni, akaegemea nyuma kuizuia. Aliteleza, akaanguka, akaburutwa, akasimama tena. Njia nzima aliwaza gurudumu lililobaki: likipasuka hili, hakuna jingine. Halikupasuka. Walipoingia Hombo akina mama waliokuwa sokoni waliwafungulia njia, na wauguzi wakampokea mgonjwa mlangoni.

Mlango ulifungwa. Saindou aliketi ukutani nje, kiuno kimechubuka kwa kamba. Mtu alimpa kikombe cha chai. Alikiweka chini, macho yakiwa mlangoni. Idarousse alisimama kando yake akisoma dua ileile bila kuimaliza. Mvua ikakatika, ikaanza tena.

Alasiri Maanrifa alitoka. Aliketi kwanza.

"Imekoma," alisema. "Yeye ni dhaifu sana, usiku huu tutamwangalia. Lakini imekoma. Anauliza nani anamnyonyesha mwanawe."

Idarousse aliruka akaanza kupanda Patsy mbio, kumfuata mtoto. Saindou alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, huku akihesabu moyoni mabomba yaliyobaki karakanani, lipi ni nene.